Zamu ya Jikoni

Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika miaka 30 na ushei ya kufundisha, mingi kati yake nikiwa mwalimu mkuu, nimewasikia wanafunzi wakiieleza methali hii kwa namna moja tu: kwamba mgeni asizoee kulishwa bure. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini ilinibidi nivuke miaka 70 ndipo nikauona upande wake wa pili. Mgeni asiyepewa jembe huandaliwa kiti kizuri na chakula kizuri, naye hubaki mgeni hadi siku anapofunga mzigo wake. Aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Jambo hili nililijua vizuri ugenini, tena kwa watu ambao hapo awali sikuwa nimewahi kulisikia hata jina lao.

Ilikuwa mwezi Oktoba 2025. Nilikuwa nimemtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji mmoja wa Uingereza usio mbali na London. Mama yao alibaki Njombe, maana tuna ng'ombe wawili, na ng'ombe hawajui habari za safari. Nilikuwa nimekaa huko wiki sita, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kuchoka kuhudumiwa. Jioni moja binti yangu akaniambia:

"Baba, wenzangu kazini wana sherehe yao Jumamosi. Wamepungukiwa na watu wa kazi. Nimewaambia baba yangu ni mwalimu wa zamani, hachagui kazi."

"Umesema vema, mwanangu. Kazi gani?"

"Ya jikoni, Baba."

Nikacheka. Mimi nilisomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ilipokuwa bado mbichi vichwani mwetu. Pale chuoni tulilima, tulipika, tulichota maji kwa zamu, na hapakuwa na mwanachuo aliyeuliza kama kazi ya sufuria ni ya wanaume au ya wanawake. Kwa hiyo jiko halikunitisha.

Wenye sherehe walikuwa Wanewari. Hawa ni wenyeji wa tangu kale wa Bonde la Kathmandu nchini Nepal, na ndio waliojenga miji mitatu ya bonde hilo, yaani Kathmandu, Patan na Bhaktapur, pamoja na mahekalu yake ya matofali na mbao za kuchonga ambayo watu husafiri kutoka mbali kwenda kuyatazama. Wamo Wahindu na wamo Wabudha, na wengi huheshimu njia zote mbili bila kuona ugumu wowote. Wana lugha yao, Nepal Bhasa, ambayo si Kinepali kinachozungumzwa nchi nzima, na wana mwaka wao, Nepal Sambat, ulioanza kuhesabiwa mwaka 879. Oktoba ile ninayoisimulia walikuwa wanaingia mwaka wao wa 1146.

Asili ya mwaka huo hunifurahisha kila ninapoikumbuka. Masimulizi yao husema kwamba alikuwako mtu mmoja jina lake Sankhadhar Sakhwa, ambaye alipata mali nyingi. Badala ya kujijengea jumba, akalipa madeni ya watu wote wa nchi, na hesabu ya miaka ikaanza upya siku hiyo. Mwaka 1999 serikali ya Nepal ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Nimesoma habari za kalenda nyingi zinazoanzia vita, au kuzaliwa kwa mtukufu fulani, au kutawazwa kwa mfalme. Kalenda inayoanzia siku watu walipofutiwa madeni sikuwa nimeisikia.

Sasa turudi jikoni. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, na sharti lake lilikuwa kwamba kufikia saa nne usiku uwe umefagiwa na kufungwa. Jiko lenyewe lilikuwa dogo kama ofisi yangu ya zamani, nalo lilitakiwa kulisha watu wapatao 100 na zaidi. Tulianza saa tatu asubuhi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa choroko nyeusi. Zilikuwa zimelowekwa usiku kucha ndani ya beseni kubwa, nami nilitakiwa kuzisugua kwa viganja mpaka maganda meusi yatoke, kisha nimwage maji pamoja na maganda, nijaze tena, nisugue tena, hadi zibaki nyeupe. Yeyote aliyewahi kumenya kunde za bajia anaijua kazi hii. Choroko hizo husagwa, zikatiwa viungo, zikakaangwa ziwe mikate midogo ya duara waitayo wo.

Niliyeketi naye kwenye beseni alikuwa bibi mmoja mwenye umri wa miaka 80 na kitu, ambaye watu wote walimwita Aji, yaani bibi. Mimi nao wakaniita Aju, yaani babu. Mjukuu wangu wa miaka saba alipoingia mbio akiita, "Babu! Babu!" jiko zima likaangua kicheko. Binti yangu akanieleza: kwa Kinepali, babu ni jina la kumbembelezea mtoto mdogo wa kiume. Basi kwa siku nzima mimi nilikuwa mzee wa watu na mtoto wa watu kwa wakati mmoja.

Aji hakujua Kiingereza, na mimi sikujua neno la kwao. Tulianza kwa vidole. Alinionyesha choroko moja akasema, "Chhagu." Mbili: "Nigu." Tatu: "Swangu." Nikazirudia, naye akanisahihisha bila huruma, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Halafu akamnyooshea mjukuu wangu kidole akasema, "Chhamha." Nikadhani nimesikia vibaya. Nikanyoosha kidole kwa choroko: chhagu. Kwa mtoto: chhamha. Akina mama wawili, mmoja na mwingine: nimha. Hapo ndipo nilipoacha kusugua. Nimefundisha ngeli maisha yangu yote, na hapa nilikuwa nimekutana na ndugu yake upande wa pili wa dunia! Sisi husema kitu kimoja, mtu mmoja, vitu viwili, watu wawili. Nao pia hawaruhusu hesabu imchanganye mwenye uhai na kisicho na uhai. Baadaye mwenyeji wetu, yule muuguzi mwenzake binti yangu, alinieleza kwamba mha katika lugha yao ni mwili, na kwamba sherehe yenyewe ya siku ile, Mha Puja, maana yake ni kuuheshimu mwili, yaani kuiheshimu nafsi uliyopewa.

Kulikuwa na mchele uliopondwa bapa, waitao baji, ambao huliwa mkavu bila kupikwa tena. Nilipouweka mdomoni nikakumbuka Rufiji, nilikofundisha nikiwa kijana, ambako wenyeji hukaanga mpunga mchanga wakautwanga na kuuita pepeta. Nikalisema neno hilo, na Aji akalijaribu: "Pepeta, pepeta." Lilimpendeza. Pamoja na baji tulipanga maharage meusi ya soya yaliyokaangwa, tangawizi iliyokatwakatwa, nyama iliyobabuliwa motoni na kutiwa viungo, viazi, na wo zetu. Kila kitu kina mahali pake kwenye sahani, na kila sahani hupita mikononi mwa watu sita au saba kabla haijafika kwa mlaji.

Ndugu msomaji, pengine unajiuliza kwa nini nakuchosha na habari za choroko. Nakuchosha kwa sababu wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, vijana walikuwa wakijizoeza ngoma jukwaani. Mavazi yao yalikuwa mazuri mno, ya rangi nyeusi yenye pindo jekundu, na hatua zao zilikuwa safi. Lakini msichana mmoja, mjukuu wa Aji, alipokuja mlangoni kuomba maji, aliomba kwa Kiingereza, na bibi yake hakumwelewa. Mimi mgeni nilikuwa nimekwisha kujua kuhesabu hadi tano, na mjukuu wa damu hakujua. Nilimtazama yule mama mzee usoni. Hakukasirika. Aliinama tu, akaendelea kusugua. Nililijua lile inamo. Mimi huinama hivyohivyo wajukuu wangu wanaponijibu kwa Kiingereza maneno niliyowaambia kwa Kiswahili. Na Kibena changu, lugha niliyonyonya kwa mama, hakijafika hata kwa mama yao.

Lugha ya watu hawa imepita kwenye miiba. Chini ya utawala wa ukoo wa Rana, uliodumu kutoka 1846 hadi 1951, watu walifungwa kwa kuandika kwa lugha hiyo. Mshairi Chittadhar Hridaya alifungwa miaka mitano katika miaka ya 1940, na humo gerezani akatunga utenzi mrefu juu ya maisha ya Buddha, uitwao Sugata Saurabha. Mwaka 1965 Redio Nepal ilisimamisha taarifa za habari kwa Nepal Bhasa, na watu wakafanya maandamano. Katika sensa ya Nepal ya mwaka 2021, Wanewari walikuwa zaidi ya milioni 1.3, lakini walioitaja lugha hiyo kuwa lugha yao ya mama hawakufika laki 9. Gereza halikuiua lugha yao. Kinachoipunguza sasa ni kitu cha upole zaidi, nacho ni mtoto kuomba maji kwa lugha nyingine na kupewa.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye naye huko Patan alikuwa mwalimu, aliliona lile la mlangoni. Hakutoa hotuba. Alikwenda jukwaani, na baada ya dakika chache akarudi na wachezaji wote, akawaambia kwamba kila mmoja atafanya kazi saa moja jikoni kabla ya kuvaa mavazi ya ngoma. Walinung'unika kidogo, kama vijana wanavyonung'unika popote. Yule msichana akawekwa kwenye beseni letu. Aji akaanza: "Chhagu." Safari hii nilikaa kimya, nikamwachia mjukuu nafasi ya kujibu.

Mzee yule ndiye aliyenieleza habari za guthi, tukiwa tunasokota tambi za pamba. Kwao, mambo mengi ya jamii huendeshwa na vyama vya kudumu viitwavyo guthi. Iko guthi ya kuzika, ambayo wanachama wake huchukua maiti na kuiteketeza kwa taratibu zote. Iko ya hekalu fulani, iko ya muziki, iko ya sikukuu fulani. Nyingi ziliwekewa ardhi na wahenga ili mazao yake yagharimie kazi hizo. Na katika guthi kazi huenda kwa zamu: mwaka huu nyumba hii, mwaka ujao nyumba ile. Mwenye zamu hamfadhili mtu yeyote, wala hangoji kushukuriwa, maana mwaka jana alikula kwa jasho la mwingine. Huko Patan, kila mwaka hujengwa gari kubwa la mbao la kumtembeza Bunga Dyah, mungu wa mvua, lenye mnara mrefu kuliko nyumba. Kuna koo za maseremala, akina Barahi, ambazo kazi yake ni mbao, na koo nyingine, akina Yangwal, ambazo kazi yake ni kamba na fito za mnara. Watazamaji hupiga picha mnara. Nilimwuliza kama watazamaji huwajua waliofunga kamba. Akatabasamu tu.

Mwezi Juni 2019, serikali ya Nepal ilipoleta muswada wa kuziweka guthi chini ya mamlaka mpya, maelfu ya watu walijaa barabarani Kathmandu, na muswada ukaondolewa. Nilimwelewa vizuri aliponisimulia hayo. Kwetu Tanzania ni nani asiyejua chama cha kufa na kuzikana? Ni nani asiyejua uchungu wa yule ambaye hakuwahi kwenda kuchimba kaburi la mwenzake, na siku ya msiba wake akawaona watu wamesimama mbali?

Jioni ilipofika tulichora miduara sakafuni kwa unga wa mchele, mmoja kwa kila mtu wa familia, kwa safu. Miduara mingine ilikuwa ya Yama, mungu wa mauti, na wajumbe wake, maana anayeshukuru kwa ajili ya mwili wake hana budi kukumbuka kwamba ameazimwa. Juu ya kila mduara tuliweka maua, matunda na jozi, na tambi ya kuwashwa. Wenye ukumbi waliogopa moto, nao walikuwa na haki. Walikubali tambi ziwashwe kwa sharti kwamba asimame mtu mzima mwenye ndoo ya maji na blanketi, asiyekuwa na kazi nyingine yoyote. Nikapewa kazi hiyo. Mimi ni Mlutheri, na ibada ile si yangu. Lakini kulinda moto wa jirani usiunguze nyumba ni kazi ambayo naamini dini yoyote ingeiruhusu.

Nikiwa nimesimama na ndoo yangu niliona kwamba miduara ilikuwa mingi kuliko watu. Mwenyeji wetu alikuwa amechora ya mume wake, ya watoto, ya kwake, na mingine miwili ambayo hakuna mtu aliyeketi mbele yake. "Ni ya baba na mama yangu, wako Patan," akasema. "Aliye mbali huchorewa pia. Na wao wamenichorea." Kisha akaniuliza, "Na nyumbani kwako, Aju, amebaki nani?" Nikamwambia. Akachukua unga, akachora mduara mmoja pembeni ya safu ya kwake, akaweka ua la njano na tambi, akaniachia kiberiti. Nikaiwasha. Sikusema kitu, wala sikuwa na la kusema. Usiku ule nilipopiga simu Njombe, mama watoto aliuliza kwanza habari za baridi, na mimi nikamwambia juu ya ule mwanga.

Chakula kilikwisha, ngoma zikachezwa na zikashangiliwa sana, na ndipo ikaja saa ngumu. Watu sita tulikuwa tukisugua masufuria, na mama mmoja wa kamati akasema kwa sauti ya chini kwamba familia tatu zimeibeba sherehe hii kwa miaka mingi mfululizo, na wamechoka. Walikuwa wametangaza ukumbini kutafuta nyumba ya kushika zamu ya mwaka ujao. Hakuna aliyeinua mkono. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli: zamu za usiku hospitalini, mtoto mchanga, mkopo wa nyumba.

Kijana mmoja aliyekuwa akikausha sahani akasema, "Nyumba yetu itashika." Pakawa kimya. Kijana huyo hakuwa Mnewari. Alikuwa Mwingereza aliyeoa kwao. Kwa desturi ya zamani uanachama wa guthi hurithiwa, baba kwa mwana. Mmoja wa wazee akasema kwa adabu kwamba jambo hilo ni zito. Mwingine akauliza, kama mwenye damu hana nafasi, na mwenye nafasi hana damu, sherehe ifanywe na nani? Walibishana kwa muda mrefu, kwa Kinepali na kwa lugha yao, na maji ya masufuria yakapoa. Mwishowe iliandikwa daftarini nyumba ya mke wake, na kwamba nyumba hiyo itafanya kazi pamoja na mmoja wa wale watatu waliochoka, ili taratibu zisipotee. Hakuna aliyepiga makofi. Sijui kama wote waliridhika. Lakini zamu ilipata mwenyewe, na saa nne kasorobo nikachukua fagio.

Nimelitafakari sana jambo lile tangu nirudi nyumbani. Sisi nasi tuna siku zetu za utamaduni. Shule huleta vikundi vya ngoma, wageni rasmi huketi chini ya turubai, hotuba husomwa juu ya kulinda mila zetu, na jua likizama kila mtu huenda kwake. Mimi mwenyewe nimeandaa siku kama hizo nyingi, na sizilaumu. Ngoma ni nzuri. Ila mtoto huipata lugha pale anapoambiwa lete ungo, punguza moto, hesabu sahani, ongeza chumvi kidogo. Maneno hayo hayatamkwi jukwaani. Hutamkwa na mtu ambaye mikono yake imelowa, kwa mtu mwingine ambaye mikono yake imelowa pia.

Kabla sijaondoka Uingereza nilimwambia binti yangu kwamba nina ombi moja. Kila Jumamosi, wakati wa kupika makande, wajukuu waingie jikoni, na humo jikoni kiwe Kiswahili kitupu: wachague mahindi, wahesabu maharage, waulize mwiko uko wapi. Akaniambia, "Baba, muda wenyewe haupo." Nikamjibu kwamba najua, na kwamba hata wale wenzake wauguzi hawakuwa nao. Akanyamaza. Wiki mbili zilizopita yule wa miaka saba alinipigia simu kunitangazia kwamba amepika. "Umetia maharage mangapi?" nikamwuliza. Akafikiri, nikamsikia mama yake akimnong'oneza, naye akamkataza, akataka ajibu mwenyewe: "Mengi, Babu. Mengi sana."

Ngeli alikuwa ameipata sawasawa. Ng'ombe walikuwa wakiniita zizini, nami nikaagana naye.